Ushahidi wa Historia ya Wanawake wa Pwani na Adabu ya Kuutaja

Mwaka wa 1989 kilitoka Marekani, katika mtambo wa uchapaji wa Chuo Kikuu cha Indiana, kitabu cha Kiingereza kilichoeleza maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1991, kikatoka kitabu cha pili mahali pale pale, na hiki kilikuwa kwa Kiswahili, jina lake Wanawake Watatu wa Kiswahili. Msomaji anayezitazama tarehe peke yake atadhani kuwa kitabu cha kwanza ndicho asili, na cha pili ni tafsiri yake. Kumbe mambo ni kinyume. Bibi hao watatu walisema kwa Kiswahili. Sarah Mirza na Margaret Strobel ndio waliosikiliza na kuandika, na Kiingereza kilifuata baada ya maneno kwisha kusemwa. Tafsiri ilitangulia kwenda sokoni, na asili ikaja nyuma yake kama mwenye mali anayemfuata mpagazi.

Jambo hili linaonekana dogo, walakini limezaa kosa ambalo si dogo. Katika insha nyingi za wanafunzi, na katika tasnifu kadhaa zilizokwisha kupewa shahada, hutajwa kitabu cha 1989 wala hakitajwi cha 1991. Mwandishi wa insha huchukua maneno ya Kiingereza, huyarudisha katika Kiswahili kwa akili yake mwenyewe, kisha huyatia ndani ya alama za kunukuu na kuandika chini yake jina la Bi Kaje au Bi Mishi. Hapo ajuza aliyezaliwa na kukulia Mombasa husemeshwa Kiswahili cha darasani ambacho hakupata kukisema maisha yake yote. Maneno yake halisi yamo katika kitabu kingine, na huenda kitabu hicho kimo katika rafu ya pili yake. Mtu akishuhudia mahakamani kwa lugha yake, kisha hakimu akaandika ushahidi uliopita katika vinywa viwili vya wakalimani na kurudi, hapana wakili ambaye angenyamaza. Katika historia ya wanawake jambo hilo hupita bila ya neno.

Yafaa kuuliza kwa nini. Haitoshi kusema kuwa wanafunzi ni wavivu, maana mwanafunzi yule yule akiandika habari za vita au za mkataba wa mipaka hujitahidi kuitafuta hati yenyewe. Sababu iko ndani zaidi. Kwa muda mrefu historia ya wanawake wa pwani imehesabiwa kuwa ni habari za desturi, na desturi hudhaniwa kuwa mali ya watu wote, isiyo na msemaji wala tarehe. Mwanamume akisema, huitwa shahidi. Mwanamke akisema, huitwa mfano wa desturi. Aliye mfano haulizwi alisema nini hasa, kwa sababu yeyote mwingine angaliweza kusema vivyo hivyo.

Utendi wa Mwana Kupona ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa hapana maandiko ya mwanamke wa Kiswahili yaliyotajwa mara nyingi kuliko hayo. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na alitunga wasia huo mwaka wa 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Alice Werner aliuchapisha katika mwaka wa 1917. Mwaka wa 1934 yeye na William Hichens wakautoa tena kama kitabu, nao wakakipa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. J. W. T. Allen akauingiza katika mkusanyo wake wa tendi wa mwaka wa 1971. Hao wote walifanya kazi yenye manufaa makubwa. Hata hivyo, jina la 1934 si la mtunzi. Mtunzi alimwita mwanawe akae karibu na kalamu na karatasi apate kumwandikia wasia. Akampa mafundisho ya dini na adabu njema. Akamwambia kuwa mtu hupata radhi za watano, yaani Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Kisha katika sehemu kubwa ya mwisho akageukia dua, akajiombea mwenyewe na kuwaombea jamaa zake. Mume ni wa tano katika watano. Katika jina la kitabu amekuwa wa kwanza na wa pekee.

Wanafunzi wengi waliosoma jina la kitabu kabla ya utendi wenyewe wamekwenda na jina hilo mpaka mwisho wa insha zao. Utendi hugeuka kuwa hati ya utii, na baada ya hapo hutumiwa kuthibitisha kuwa wanawake wa Kiswahili wa karne ya kumi na tisa walikuwa hivi au vile. Mjane mmoja wa mtawala wa Siyu, mwenye watumishi na mwenye elimu ya kutunga, huvikwa kanzu ya wanawake wote kutoka Barawa hadi Kilwa: wavuvi wa kamba, vijakazi, wachuuzi wa vitumbua. Mwaka wa 1991 Ann Biersteker aliandika makala akiuliza iwapo mafundisho yale ya kumtunza mume kama mtoto asiyejua kunena hayana kejeli ndani yake, na iwapo mama hamfundishi mwanawe namna ya kushika hatamu pasipo kuonekana ameshika. Mtu anaweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa. Kuna aya ambazo hazikubali kejeli kwa urahisi, hasa zile zinazoelekea Akhera, na mgonjwa anayekabili mauti si mtu wa kufanya mzaha kila anapofungua kinywa. Lakini hoja haiwezi hata kuanza kwa mtu aliyesoma utendi katika dondoo mbili tatu zilizonukuliwa na mwingine.

Na iko ajali nyingine ndogo, inayochekesha na kukera kwa pamoja. Katika kanuni ya siku hizi ya kutaja jina na mwaka, utendi huu huandikwa Mwana Kupona 1934, au Kupona 1971. Marehemu amefanywa kuwa mwandishi wa zama za redio, na mara nyingine wa zama za uhuru. Zaidi ya hayo, Mwana, ambalo ni neno la heshima la watu wa Lamu na Pate, hukatwa na kutupwa, kana kwamba Kupona lilikuwa jina la ukoo wake. Si vigumu kutengeneza. Mtunzi atajwe kwa jina lake kamili, mwaka wa kutunga uandikwe, kisha mhariri na mwaka wa kuchapa vifuate, maana mhariri naye ana lake: ndiye aliyechagua mswada, ndiye aliyegeuza herufi za Kiarabu kuwa za Kirumi, na katika kugeuza huko irabu moja yaweza kupoteza au kuleta maana.

Habari ya majina inastahili kuendelezwa kidogo, kwa sababu ndiyo inayowapotezea njia wale wanaotafuta kwa bidii. Faharasa za maktaba zilitengenezwa na watu ambao kwao kila mtu ana jina la ukoo, nalo huja mwisho. Siti binti Saad atafutwe wapi? Pengine yuko chini ya Saad, ambalo ni jina la babake. Pengine chini ya Siti, ambalo ni jina la sifa alilopewa ukubwani. Pengine, ajabu ya maajabu, chini ya Binti. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1844, akaondoka mwaka wa 1866, akabatizwa Aden na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, yumo katika orodha nyingi chini ya Ruete, Emily. Mwanafunzi anayetafuta Salme hampati. Anayempata Ruete hajui kuwa ni Mwunguja. Imepata kutokea kwamba wote wawili wanatajwa katika ukurasa mmoja kana kwamba ni mashahidi wawili wanaokubaliana, na makubaliano yao kutolewa kuwa hoja.

Kitabu chenyewe cha bibi huyo kina historia inayofaa kukumbukwa. Alikiandika kwa Kijerumani, kikatoka Berlin mwaka wa 1886, na Kiingereza kikafuata mwaka wa 1888. Tafsiri za kwanza za Kiingereza zilitembea kwa uhuru, na ndizo zinazopatikana bure leo katika intaneti, kwa kuwa haki zake zimekwisha. Mwaka wa 1993 E. van Donzel alitoa Leiden tafsiri nyingine pamoja na maandiko yake mengine, zikiwamo barua ambamo bibi anaeleza ugeni na upweke wa Ujerumani. Tofauti baina ya tafsiri ya bure na tafsiri ya mwanachuoni si ya bei tu. Anayeitegemea ya bure atamsikia binti wa mfalme akisimulia jumba la Mtoni na shamba. Hatamsikia mjane wa Hamburg mwenye watoto watatu na shida ya fedha, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika. Hata sehemu ile mashuhuri, anapoeleza namna alivyojifunza kuandika mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, hubadilika uzito wake msomaji anapojua kuwa iliandikwa na mtu aliyekuwa akifundisha lugha ili apate riziki katika nchi ya watu.

Juu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari maneno machache yatatosha. Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka wa 1903, kina habari nyingi za unyago, za uzazi, za ndoa na talaka, na kwa hiyo hutajwa kila mara katika insha za historia ya wanawake. Kwa miaka mingi kilitajwa kwa jina la Velten peke yake, mpaka wanachuoni waliofuata, na hasa tafsiri ya Allen ya mwaka wa 1981, walipolirudisha jina la Mtoro mahali pake. Hilo lilikuwa haki. Lakini haki hiyo imefunika swali lililo nyuma yake. Mtoro hakuingia unyagoni, mwanamume haingii. Aliyoyaandika juu ya mambo ya ndani aliambiwa, na aliyemwambia hakutajwa na Velten, wala na Mtoro, wala na yeyote anayewataja hao wawili. Kumtaja Mtoro kwa habari za unyago kama mtu aliyeona ni kumpa heshima asiyoidai. Neno moja, aliambiwa au alisikia, lingetosha kuuweka ushahidi katika daraja lake.

Nyaraka za serikali zina hila ya namna nyingine. Mtu akifika katika Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, au ile ya Taifa iliyoko Dar es Salaam yenye majalada ya zama za Wadachi, na kuomba majalada ya wanawake, ataletewa machache, mengi yakiwa ya hospitali na ya shule. Akiomba kwa majina mengine hali hugeuka: mirathi, wakfu, kodi ya viwanja, ruhusa za ngoma, madai ya mahari, kesi za kadhi, fidia za watumwa. Humo wanawake wamejaa. Elisabeth McMahon alitumia hati za mirathi na za mahakama kueleza namna watu waliotoka utumwani Pemba walivyojijengea heshima. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 juu ya Unguja baina ya miaka ya 1890 na 1945, alipata katika nguo, viwanja vya nyumba na nyimbo yale ambayo ripoti za mabwana wakubwa hazikuyaona. Mwenye kutafuta neno wanawake peke yake katika orodha anatafuta neno ambalo karani wa siku hizo hakuwa na sababu ya kuliandika.

Hata hivyo jalada halisemi kweli kwa kuwa ni jalada. Mfano mmoja watosha, nao ni wa hesabu, maana hesabu ndizo zinazoaminiwa upesi. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed mwaka wa 1897. Masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo kama watumwa wengine. Walifanyiwa kana kwamba ni wake, na mlango wao wa kudai uhuru ukawa mwembamba, mpaka sheria ya mwaka wa 1909 ilipokuja. Kwa miaka kumi na miwili, basi, mwanamke aliyenunuliwa na kuwekwa ndani angeweza kuwa nje ya daftari la walioachwa huru, si kwa sababu alikuwa huru, bali kwa sababu sheria haikumtambua kuwa mtumwa. Mwanafunzi anayezijumlisha namba za daftari na kusema kuwa wanawake waliotafuta uhuru walikuwa wachache, kisha akataja jalada, herufi zake na namba zake kwa usahihi wote, ametaja vizuri na amekosea vibaya. Rejeo lake lilihitaji sentensi moja zaidi, yenye kusema daftari lile liliandika nani na liliacha nani.

Tena iko minyororo mirefu zaidi. Marcia Wright, katika kitabu chake cha 1993, alikusanya visa vya maisha ya wanawake waliopita katika utumwa katika nchi iliyoko baina ya maziwa, miongoni mwao Narwimba na Chisi. Wanawake hao walisimulia habari zao katika eneo la misioni ya Moravian, kusini magharibi ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Elise Kootz-Kretschmer akaziandika na kuzitoa kwa Kijerumani. Wright akazitia katika Kiingereza na kuzifafanua. Mwanafunzi wa Kiswahili ni mkono wa nne. Si haramu kuwa mkono wa nne. Lililo baya ni kuificha mikono mitatu, na kuandika kuwa Narwimba anasema hivi, bila ya kumwonyesha msomaji kuwa mmisionari ndiye aliyeamua lipi liandikwe, na kwamba kisa kinachokwishia katika wokovu wa misioni kiliandikwa na misioni. Wright mwenyewe hakuuficha mnyororo huo. Sehemu nzuri ya kitabu chake ni kuuchunguza. Wanaomtaja ndio wanaoukata.

Kwa Bibi Titi Mohamed mambo ni karibu zaidi na kwa hiyo yanauma zaidi. Susan Geiger alikwenda kumsikiliza mwaka wa 1984, wakati ambapo vitabu vya historia ya TANU vilikuwa vimekwisha kuandikwa kwa wingi na jina la bibi huyo lilikuwa limefifia tangu alipofungwa kwa kesi ya uhaini ya mwaka wa 1970, akaachiwa mwaka wa 1972. Kitabu cha Geiger, kilichotoka mwaka wa 1997, kilibishana na dhana ya kuwa utaifa ulibuniwa na wanaume wachache waliosoma, ukateremshwa kwa watu. Kilionyesha kuwa wanawake wa Dar es Salaam, wengi wao wasiosoma shule, walikuwa na umoja uliovuka makabila katika vikundi vyao vya ngoma kabla ya chama kuwafikia, na kwamba mwaka wa 1955 Bibi Titi, mwimbaji wa ngoma, alipita katika vikundi hivyo na kuwaingiza wenzake katika chama. Hoja hiyo yote imesimama juu ya maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili na kuchapishwa kwa Kiingereza.

Mwandishi wa Kiswahili afanye nini basi? Akiyarudisha maneno katika Kiswahili na kuyatia alama za kunukuu, anambunia Bibi Titi hotuba. Hata pale msomaji anapotumia tafsiri ya kitabu, Kiswahili kinachosomwa ni cha mfasiri, nacho chaweza kuwa kizuri bila ya kuwa chake. Njia ya uaminifu ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa: kueleza kwa maneno ya mwandishi mwenyewe, bila ya alama, kwamba Bibi Titi alimweleza Geiger jambo fulani, mwaka fulani, katika ukurasa fulani. Maneno hupoteza ladha, ni kweli. Lakini ladha iliyotiwa na mpishi mwingine si ladha ya chakula kile. Alama za kunukuu ni kiapo. Anayeziweka anaapa kuwa hivi ndivyo ilivyosemwa.

Baada ya kusema hayo yote juu ya kuwanyima wanawake maneno yao, haki yataka ielezwe pia hatari ya kuwapa yasiyo yao. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka wa 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri na kufariki mwaka wa 1950, amekuwa kipenzi cha watafiti, na inastahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na katika zama ambazo hapana aliyedhani kuwa maisha ya mwimbaji wa kike asiyejua kusoma yanafaa kuwa kitabu, hilo lilikuwa tendo la ujasiri. Wasifu ule, lakini, ni wa mtu anayetafuta mfano wa utu. Hauonyeshi kila habari ilitoka kwa nani, wala haukukusudia. Kuutumia kama daftari la tarehe ni kuudai deni usilokopa. Na nyimbo zenyewe? Huandikwa siku hizi kuwa Siti alitunga hiki na kile. Kitabu cha mwaka wa 1966 kilichokusanya nyimbo hizo, Waimbaji wa Juzi, kiliweka jalidani majina manne: Mwalimu Shaaban, Siti binti Saad, Mbaruk na Budda. Walikuwa kundi, walitunga pamoja na kuimbiana, na katika nyimbo kadhaa hapana awezaye kukata kuwa neno hili ni la huyu.

Wimbo wa Kijiti ni ushahidi mkubwa. Unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji aliyekimbilia bara, na mashahidi waliofungwa badala yake. Na Laura Fair, kwa kuusikiliza pamoja na wazee walioukumbuka, alionyesha namna watu wa Ng'ambo walivyoihukumu mahakama iliyowahukumu. Thamani yake haipungui hata kidogo kwa kutajwa kuwa wa kundi. Bali huongezeka, kwa kuwa hukumu ya mtaa ni ya mtaa. Anayetaja wimbo ataje aliyeimba, waliokuwa naye, sahani na namba yake ikiwa imesalia, na aliyeyatoa maneno katika sahani na kuyaweka katika karatasi, maana sahani kuukuu hukwaruza, na masikio mawili huandika maneno mawili.

Limebaki suala la walio hai, ambao hawamo katika kitabu chochote. Mtafiti anayekwenda Mkunazini au Kuze na chombo cha kunasia sauti hufundishwa aandike jina la msemaji, mahali na tarehe. Ni kanuni njema, na wanahistoria wanaoificha mitajo yao yote chini ya maneno mzee mmoja alisema wanastahili kulaumiwa. Ila Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za makadhi za pwani ya Kenya na kuandika mwaka wa 1998, alieleza uzito wa kusema mambo ya nyumbani mbele za watu: mwanamke anayetoa siri ya ndoa hupata haki yake na hupoteza kitu kingine katika kuipata. Kwa hiyo jina si la mtafiti kulitoa wala kulificha kwa kanuni ya chuo. Ni la mwenyewe. Wako mabibi watakaotaka majina yao yaandikwe kwa herufi kubwa, na watachukia kuitwa Bi A wa Mombasa; wako watakaosema, niandike mwanangu, ila usinitaje. Mtafiti auliize swali hilo kabla ya kufungua chombo, aulize tena baada ya kukifunga, na jibu liandikwe pamoja na kanda. Rejeo litakalosema kuwa jina limefichwa kwa ombi la msemaji, na kwamba kanda imewekwa mahali fulani, ni rejeo kamili.

Na msemaji akikubali kunukuliwa, anukuliwe alivyosema. Hapa wahariri wa Kiswahili wana hatia pamoja na wanafunzi. Mkono hauwezi kujizuia. Unaona mtoto ameitwa kijana, unaona nduu badala ya ndugu, unaona sentensi ya Kimvita iliyoanza kwa jambo moja na kuishia kwa jingine, na mara kalamu nyekundu imekwisha kupita. Ukurasa unabaki safi, na bibi ameondoka. Mwenye kutaka kuona hasara hiyo kwa macho achukue Wanawake Watatu wa Kiswahili, auweke ukurasa wake mmoja mbele yake, aandike upya maneno ya Bi Mishi kwa Kiswahili sanifu, kisha amsomee mtu wa Mombasa karatasi zote mbili na kumwuliza ni ipi kati ya hizo iliyosemwa na mtu.